Makunyanzi, Vitamini A na Gereza la Holmesburg

Geuza kikopo cha krimu ya makunyanzi usome maandishi madogo ya nyuma. Mbele kuna maneno matamu: ujana, mng'ao, wiki mbili tu. Nyuma kuna orodha ya viungo, na kwenye krimu nyingi za siku hizi utapata neno retinol, kiungo cha ukoo wa vitamini A.

Maneno ya mbele nayajua vizuri kwa sababu huwa nalipwa kuyaandika. Duka la mtandaoni linanitumia picha ya kikopo, natoa maneno 100, napata hela yangu, tunaachana. Shangazi yangu, ambaye ameuza mboga juani miaka mingi, aliposikia hivyo akanitumia ujumbe: "Kwani si wewe huandika haya mambo ya mafuta? Basi nichagulie moja ya makunyanzi, na isiwe ya kunichoma." Nikaanza kusoma ili nimpe jibu la maana. Kusoma huko kulinitoa kwenye rafu za Nairobi kukanifikisha gerezani, Marekani.

Krimu zenyewe ni za zamani. Galen, tabibu wa Kigiriki aliyefanya kazi Roma katika karne ya 2, anatajwa kama mtu aliyechanganya nta ya nyuki, mafuta ya zeituni na maji ya waridi. Mchanganyiko wa aina hiyo huzuia maji yasitoke kwenye ngozi, na mikunjo midogo huonekana imejaa. Ukinawa, imerudi. Kwa karne nyingi krimu zilifanya kazi hiyo tu, hata zile za vikopo vya dhahabu. Kitu kilichobadilisha hesabu kilipatikana karne ya 20.

Mwaka 1951, Albert Kligman, daktari wa ngozi kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliitwa kwenye gereza la Holmesburg, mjini Philadelphia. Wafungwa walikuwa na kuvu ya miguu na walihitaji kutibiwa. Miaka 15 baadaye alimweleza mwandishi wa gazeti kwamba alipoingia mle aliona ekari kwa ekari za ngozi, akajihisi kama mkulima anayeliona shamba lenye rutuba kwa mara ya kwanza. Wenye ngozi hiyo hakuwataja.

Shamba lilimwa hadi 1974. Migongo ya wafungwa iligawanywa vipande vipande kama ploti, kila kipande na dawa yake. Walijaribiwa vipodozi na dawa za kampuni. Kampuni ya Dow Chemical ililipia majaribio ya dioksini, ambayo ni sumu. Jeshi la Marekani nalo lilileta dawa za kuvuruga akili.

Wengi wa waliokuwa mle walikuwa Wamarekani weusi. Kuna waliokuwa hata hawajahukumiwa, wanangoja kesi kwa sababu hawana pesa ya dhamana. Kazi za kawaida gerezani zililipa senti. Majaribio yalilipa dola. Sasa wewe una dhamana ya kutafuta na familia inakungoja nje, utakataa? Fomu walitia sahihi, lakini wengi hawakuelezwa sawasawa wanapakwa nini. Mmoja wao, Edward Anthony, alimsimulia mwandishi Allen Hornblum masaibu yake, na kitabu kikatoka mwaka 2007.

Kati ya vitu vilivyofanyiwa kazi kwenye ngozi hizo ni tretinoin, asidi inayotokana na vitamini A. Kligman alikuwa anatafuta dawa ya chunusi. Mwaka 1971 ilikubaliwa Marekani kwa jina Retin-A. Kisha wanawake wa makamo waliokuwa wakiitumia wakaanza kusema kwamba uso umelainika. Kumbe dawa ilikuwa na kazi ya pili. Jua huvunja kolajeni, nyuzi zinazoishikilia ngozi kama vile fito zinavyoshikilia udongo wa ukuta. Tretinoin huzisukuma seli zitengeneze kolajeni mpya.

Mwaka 1986 Kligman na wenzake walichapisha matokeo hayo. Mwaka 1988 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan wakailinganisha na krimu isiyo na dawa, na tofauti ikaonekana. Watu wakaikimbilia. Mwaka 1995 dawa hiyohiyo ikakubaliwa rasmi kwa makunyanzi, kwa jina Renova. Mwaka huohuo gereza la Holmesburg likafungwa. Retinol ya madukani ni binamu yake mpole: ngozi lazima iigeuze kwanza iwe asidi ile, kwa hiyo nguvu inapungua na kuungua kunapungua pia.

Kligman ana alama nyingine, na hii inatugusa karibu zaidi. Mwaka 1975 yeye na mwenzake walichapisha fomyula ya kupunguza rangi ya ngozi: haidrokwinoni, steroidi na tretinoin hiyohiyo. Chini ya daktari, mchanganyiko wa aina hiyo bado hutibu madoa ya uso. Bila daktari, haidrokwinoni na steroidi ndizo zimewaunguza watu wengi wanaojichubua mitaani kwetu. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vya haidrokwinoni, zebaki na homoni mwaka 1998, lakini ukitembea katikati ya jiji bado utaitwa kando uonyeshwe kikopo. Steroidi ikipakwa muda mrefu huifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi. Tena ngozi nyeusi huchelewa kukunjamana kwa sababu melanini huikinga na jua. Yaani mtu analipa pesa zake kuondoa kinga ambayo alizaliwa nayo, halafu anarudi dukani kutafuta krimu ya makunyanzi.

Kwa hiyo nilimjibu shangazi hivi. Kwanza kofia pana na krimu ya kukinga jua kila asubuhi, kwa sababu jua ndilo linalokunja. Pili, retinol usiku, kiasi cha punje ya njegere, siku mbili kwa wiki kwanza, maana ngozi yetu ikiungua hubaki na madoa meusi. Mwenye mimba asiiguse. Asubiri miezi, si wiki mbili. Kikopo kisicho na orodha ya viungo akiache dukani, hata muuzaji akiapa. Na bei isimdanganye, kwa sababu kiungo ni kilekile.

Nilimweleza pia kuhusu Holmesburg. Aliuliza swali moja tu: "Na hao watu walilipwa?"

Mwaka 2000, karibu wafungwa 300 wa zamani walienda mahakamani wakishtaki jiji, chuo, Kligman na kampuni. Kesi ilitupwa kwa sababu muda wa kisheria wa kushtaki ulikuwa umepita. Kligman aliyatetea majaribio yake hadi alipofariki mwaka 2010. Kitengo cha tiba cha chuo chake kiliomba radhi mwaka 2021, na jiji la Philadelphia mwaka 2022. Wakati huo wengi wa wale wanaume walikuwa wameshazikwa, na waliobaki walikuwa wazee wenye makovu mgongoni. Dawa iliyopitia kwenye ngozi yao ilikuwa imeingiza mamilioni ya dola, na nyuso zilizolainika zipo dunia nzima, hadi hapa kwetu.

Kwa hivyo jibu la swali la shangazi ni dola chache, zilizolipwa gerezani, siku ya kupakwa.