Vitindamlo visivyo na maziwa (Mugango na mwambao wa Mara)

Vitindamlo visivyo na maziwa ni vyakula vitamu vya kumalizia mlo, au vya kulia kati ya mlo na mlo, vinavyopikwa bila maziwa ya mnyama wala mazao yake: siagi, samli, krimu, jibini, mtindi na maziwa ya unga. Makala hii inahusu upishi wa nyumbani wa vyakula hivyo katika Mugango, kata ya Wilaya ya Musoma iliyo ukingoni mwa Ziwa Victoria, pamoja na majirani zake wa Bunda na Butiama mkoani Mara. Nje ya mkoa, Mugango hutajwa zaidi kwa mradi wa maji wa Mugango–Kiabakari–Butiama kuliko kwa chochote kinachotoka jikoni. Hata hivyo ni mahali pazuri pa kupimia dai moja linalorudiwa mno, kwamba kitindamlo bila maziwa ni kitindamlo chenye upungufu. Dai hilo halisimami. Mpishi anayejua maziwa yalikuwa yakifanya kazi gani chunguni anaweza kuigawa kazi hiyo kwa vitu vingine, na kwa nyumba ya Mugango kitu cha kwanza kati ya hivyo ni karanga, wala si nazi kama vitabu vingi vya mapishi vinavyoelekeza.

Sababu za kuacha maziwa

Wapo wanaoacha maziwa kwa mzio, yaani mwili kuzikataa protini zake, na wapo ambao tumbo lao haliyamudu. Hawa wa pili ndio wengi. Sukari ya maziwa, laktosi, huvunjwa na kimeng'enya kiitwacho laktasi, ambacho kwa watu wengi duniani hupungua baada ya utoto. Laktosi isiyovunjwa huteremka hadi utumbo mpana, ikachachushwa na bakteria, na matokeo yake ni gesi, msokoto na kuhara. Afrika Mashariki ina nafasi ya pekee katika elimu hii kwa kuwa ina jamii za wafugaji ambazo miili yao iliendelea kuyamudu maziwa ukubwani. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti juu ya Watanzania, Wakenya na Wasudani 470, wakaonyesha kwamba uwezo huo ulizuka hapa kwa mabadiliko ya kijenetiki yaliyo tofauti na yale ya Ulaya, ndani ya miaka elfu chache iliyopita. Funzo lake kwa mpishi ni dogo lakini zito: katika mkoa wenye wafugaji, wakulima na wavuvi waliooana vizazi kwa vizazi, watu wawili wa sinia moja wanaweza kuwa na matumbo mawili tofauti kabisa. Mgeni anayekataa kastadi huenda hana maringo.

Kazi ya maziwa chunguni

Maziwa ya ng'ombe, yakiwa hayajaenguliwa, ni maji kwa karibu asilimia 87. Mafuta ni kama asilimia 3 na nusu, protini zaidi kidogo ya 3, na laktosi karibu 5. Kwa hiyo kinachoitwa ladha ya maziwa ni maji mengi yenye mafuta yaliyosambaa kwa chembe ndogo sana, protini kidogo za kuyashikilia, na utamu hafifu. Mafuta hubeba harufu ya iliki na vanila na kuufanya ulimi uhisi ulaini. Protini husaidia kushikamanisha na kuleta rangi ya hudhurungi chakula kinapookwa. Maji huivisha wanga. Hakuna hata moja kati ya kazi hizi inayodai ng'ombe. Ushahidi ulio karibu zaidi ni kopo la unga wa kastadi linalouzwa dukani. Unga huo ulibuniwa na Alfred Bird wa Birmingham, Uingereza, mwaka 1837, kwa ajili ya mkewe ambaye mayai yalimdhuru, na kiini chake ni wanga wa mahindi, rangi na harufu. Kinachoifanya kastadi igande ni wanga huo. Maziwa huongezwa na mpishi kwa sababu maelekezo ya kopo yamesema hivyo, na tui likimiminwa mahali pake wanga hauulizi.

Wapishi wengi hukosea hapo. Huondoa maziwa, wakaweka maji matupu, halafu wakajaribu kufidia kwa sukari. Kinachotoka ni uji mtamu unaokinaisha kwenye kijiko cha tatu, na lawama yote hubebeshwa kukosekana kwa maziwa. Kilichokosekana ni mafuta, na mara nyingi chumvi pia. Chembe ya chumvi na kitu kichachu, kama ukwaju, ubuyu au ndimu, huufanya utamu mdogo uonekane mkubwa. Watoto wanaonunua barafu za ubuyu wanalijua hilo bila kufundishwa na mtu.

Urithi wa pwani

Mapishi ya pwani ndiyo yaliyoandikwa sana kwa Kiswahili, na humo utamu bila maziwa ni jambo la kawaida lisilohitaji jina. Vitumbua ni mchele na tui. Kashata ni sukari na nazi, au sukari na karanga. Mahamri hukandwa kwa tui na iliki. Ndizi mbivu, mihogo na viazi vitamu hupikwa kwa nazi wakati wa futari. Kilele chake pengine ni mkate wa kumimina: mchele uliolowekwa usiku kucha husagwa pamoja na tui zito, hamira, sukari na iliki, huachwa ukaumuka, kisha humiminwa kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na kupaliwa makaa juu na chini. Ukiiva vizuri huwa na ngozi ya hudhurungi juu, na ndani vitundu virefu vilivyosimama kama sega la nyuki. Hakuna siagi ndani yake, na aliyewahi kuula ungali na joto hatasema umepungukiwa.

Nazi inastahili sifa hizo. Nyama yake ikikunwa kwenye mbuzi na kukamuliwa kwenye kifumbu hutoa tui la kwanza lenye mafuta mara kadhaa ya yale ya maziwa, na mafuta hayo huganda penye ubaridi wa chini ya nyuzi 24 hivi, ndiyo maana kitindamlo cha nazi hukaza kikilala usiku mmoja mahali pa baridi. Ila mnazi ni mti wa pwani. Nazi inayofika Musoma imevuka nchi nzima kwa gari, na kila kituo kimeongeza bei. Anayepika kwa nazi tatu Tanga hupika kwa moja Mara, na moja haitoshi. Tui likizimuliwa kupita kiasi hurudi kuwa maji yenye harufu, na tatizo la uji linaanza upya. Kumshauri mama wa Mugango atumie nazi kila mara ni kumpa pishi la mtu mwingine.

Karanga

Karanga, kwa upande wake, hulimwa Kanda ya Ziwa na huuzwa kwa kopo katika magulio. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta na karibu robo ni protini, kwa hiyo inaleta kile ambacho nazi inacho na kile ambacho nazi haina kwa wingi. Zaidi ya hayo hukaa miezi guniani bila jokofu ikiwa imekauka vizuri, jambo ambalo maziwa mabichi hayawezi hata kwa siku moja ya jua la Musoma.

Tui la karanga si gumu. Gramu 150 hivi za karanga hukaangwa moto mdogo bila mafuta mpaka maganda yaanze kujiachia na harufu ibadilike, lakini kabla hazijawa nyekundu. Hatua hii isirukwe, maana karanga mbichi huacha harufu ya kunde ambayo iliki haiwezi kuificha. Hupepetwa maganda, hutwangwa au kusagwa laini, huchanganywa na nusu lita ya maji ya vuguvugu na kuchujwa kwa kitambaa safi. Kwa kiasi hicho, vijiko vitatu vya chakula vya wanga wa mahindi huvurugwa kwanza katika maji baridi kidogo, kisha huongezwa pamoja na sukari vijiko vinne, iliki na chembe ya chumvi. Chungu kikiwa motoni hakiachwi peke yake: tui la karanga hufura ghafla na kumwagika kama maziwa yanayochemka, na hushika chini upesi kuliko maziwa. Hukorogwa kwa mwiko mpaka mwiko uache njia isiyojifunga mara moja, kisha humiminwa kwenye vikombe. Kitindamlo hiki, yaani kastadi ya karanga, kikipoa hukaza, rangi yake ni ya udongo mweupe, na ladha haijifanyi kuwa ya maziwa. Kama juu yake utawekwa mchuzi mzito wa ukwaju na sukari, kimekamilika.

Ladha ya karanga hutawala, na hilo ndilo pingamizi la haki kuliko yote. Hakuna keki ya vanila itakayotoka kwa tui la karanga. Lakini pingamizi hili linadhani kwamba lengo ni kuiga. Vitindamlo vinavyoridhisha bila maziwa ni vile vinavyoikubali ladha ya kiungo chake. Vile vinavyoificha ndivyo vyenye ladha ya bandia. Atakaye ladha ya kimya zaidi anaweza kutumia ufuta au mbegu za maboga, kwa njia ileile.

Soya

Soya hutoa tui linalofanana na maziwa kwa protini. Harufu yake hupungua ikichemshwa muda mrefu.

Viazi, mihogo na ndizi

Kabla ya kopo la kastadi, Kanda ya Ziwa ilikuwa na utamu wake. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa, na matobolwa, ambayo huchemshwa kwanza ndipo yaanikwe, vinajulikana zaidi kwa Wasukuma lakini majirani wao wanavifahamu. Michembe iliyopikwa kwa karanga ni kitindamlo kwa kipimo chochote, ingawa haiitwi hivyo. Kiazi kitamu kina siri moja: kikipata joto taratibu, kimeng'enya kilichomo ndani yake hugeuza wanga kuwa sukari. Kiazi kilichozikwa kwenye majivu ya moto huwa kitamu kuliko ndugu yake aliyechemshwa haraka, na sukari ya dukani inaweza kupunguzwa nusu. Viazi lishe vyenye nyama ya rangi ya chungwa, ambavyo kazi ya kuviendeleza ilimpatia mtafiti Robert Mwanga wa Uganda, pamoja na wenzake watatu, Tuzo ya Chakula Duniani ya mwaka 2016, vinafaa mno: vikipondwa na kuchanganywa na tui la karanga hutoa rojo zito lisilohitaji wanga, na mafuta ya karanga huusaidia mwili kuipokea vitamini A iliyomo.

Muhogo hutoa keki nzito zenye unyevu. Ndizi mbivu huungwa kwa karanga au hukaangwa.

Hoja ya lishe na ya heshima

Watetezi wa maziwa husema kwamba mtoto akinyimwa maziwa hunyimwa chokaa ya mifupa. Kwa mtoto anayeyamudu, hoja hiyo ni ya kweli, na makala hii haimwondolei kikombe chake. Lakini kitindamlo si mahali pa kutafutia chokaa, na mtu wa ziwani ana chanzo kingine: dagaa, wanaoliwa na mifupa yao yote. Anayekula dagaa mchana anaweza kula kastadi ya karanga jioni bila deni.

Hoja ya pili hailetwi kwa maneno ya kitaalamu. Mara ni nchi ya ng'ombe. Ng'ombe ni mahari, na maziwa mezani ni dalili ya nyumba iliyojaa. Kumwandalia mgeni kitu kisicho na maziwa huonekana kama kumtangazia ukata. Hata hivyo maziwa katika jamii za ufugaji yamekuwa hasa ya kunywa, ya kugandisha na ya kutoa samli. Kuyapika kwa sukari na wanga ni desturi ya ugenini iliyokuja na makopo, kwa hiyo anayepika bila maziwa haibi chochote kwenye mila. Maziwa yana hata siku yake duniani, 1 Juni, iliyowekwa na FAO mwaka 2001. Karanga itajitegemea.

Tahadhari

Karanga iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupwe, kwani kuikaanga hakuondoi sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Wenye mzio wa karanga wapikiwe kwa nazi au mbegu. Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri ni hatari isiyo ya nadharia kwa Mara: mlipuko wa konzo, ugonjwa wa kupooza miguu, ulitokea Tarime mwaka 1985 wakati wa ukame. Dukani, neno siagi mara nyingi humaanisha majarini, na baadhi ya majarini huwa na unga wa maziwa au whei, yaani majimaji yatokanayo na maziwa. Maandishi ya nyuma ya kopo yasomwe kila mara. Halua ya Zanzibar kwa kawaida hupikwa kwa samli. Samli ina laktosi kidogo sana na wengi wenye tumbo jepesi huimudu, lakini kwa mwenye mzio wa protini za maziwa halua hiyo si salama, hata muuzaji akiapa kwamba hakutia tone la maziwa.