Bibi Amekwenda Wapi? Historia Fupi ya Kuunga Picha Pana

Muhula uliopita klabu yetu iliandaa maonyesho madogo ya picha za pwani. Mwenzetu mmoja alileta bahasha yenye picha nne nyeusi na nyeupe ambazo babu yake alizipiga Unguja mwaka 1968. Babu alisimama kwenye gati ya Forodhani, akaupa mgongo bahari, akageuza kamera kidogo kidogo kutoka kushoto kwenda kulia. Picha ya kwanza ina jumba la zamani la masultani, ya pili na ya tatu zina Beit al-Ajaib, ya nne ina Ngome Kongwe. Hakuwa na lenzi ya kuchukua mandhari yote kwa mara moja, basi akaichukua vipande vipande, kila kipande kikirudia kidogo kile kilichotangulia.

Sisi tulitaka kuviunga vipande hivyo viwe picha moja pana ya kutundika ukutani. Tulidhani ni kazi ya jioni moja. Ilituchukua wiki tatu, na katika wiki hizo tulijifunza kwamba swali letu, yaani picha mbili ziungwe vipi bila mshono kuonekana, ni swali la zamani kuliko kompyuta na hata kuliko kamera. Makala hii inaeleza historia ya swali hilo, kisha yale yaliyotupata.

Neno panorama lenyewe lilizaliwa hapa Uingereza, ingawa limeundwa kwa maneno ya Kigiriki. Mchoraji Robert Barker, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa akiishi Edinburgh, alipata hataza mwaka 1787 kwa wazo la kuchora mandhari ya pande zote na kuyazungushia watazamaji ndani ya jengo la duara. Mwaka 1793 alifungua jengo lake karibu na Leicester Square, London. Watu walilipa kiingilio, wakapanda jukwaa la katikati, wakajiona wamezungukwa na mji au vita vya baharini. Tulikwenda kupatazama mahali hapo. Leo pana kanisa la Kifaransa, lakini ukiingia ndani unaliona duara la Barker bado lipo. Mchoraji hakuwa na tatizo kubwa la mshono: pale michoro miwili isipokubaliana, alichukua brashi akapatanisha. Kila alichokificha alikificha kwa mkono wake, na alijua amekificha.

Kamera ilipokuja, brashi haikutosha. Mwezi Septemba 1848 Charles Fontayne na William Porter walisimama ng'ambo ya mto Ohio, Marekani, wakaupiga picha ufuko wa mji wa Cincinnati kwa mabamba 8 ya fedha. Hawakujaribu kuyaunga. Waliyapanga kwa mstari ndani ya fremu moja, kila bamba na ukingo wake, na mtazamaji akaviruka vile vijistari kwa jicho. Faida ya subira hiyo ilionekana baada ya zaidi ya miaka 150, wataalamu walipoyakagua mabamba hayo kwa hadubini na kuweza kusoma saa ya mnara, kwa kuwa hakuna aliyeyagusa kwa nia ya kuyapendezesha.

Mwaka 1878 Eadweard Muybridge aliupiga picha mji wa San Francisco kutoka juu ya kilima cha Nob Hill kwa mabamba 13 makubwa, akizunguka duara zima. Ukizitazama picha hizo kwa makini, vivuli vya nyumba vinakwambia kwamba saa kadhaa zilipita tangu alipoanza hadi alipomaliza. Hapa ndipo tulipoanza kuelewa tatizo letu. Picha pana iliyoungwa inaonekana kama tukio la dakika moja, kumbe ni dakika nyingi zilizokaa bega kwa bega. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilitokea kamera ya Cirkut, iliyozunguka yenyewe juu ya miguu yake huku filamu ikipita nyuma ya ufa mwembamba. Mshono ukatoweka, lakini wakati haukutoweka. Wanafunzi watundu waliopigwa picha ya shule nzima walisimama mwanzo wa mstari, kisha wakakimbia nyuma ya wenzao na kusimama tena mwisho wake, wakatokea mara mbili katika picha moja.

Kompyuta ilirudisha vipande na pia ikarudisha mshono. Njia nyepesi ya kwanza ni kuchukua wastani: pale picha mbili zinapopishana, kila pikseli ya picha ya kwanza inachanganywa na mwenzake, na nguvu ya picha moja inafifia taratibu huku ya pili ikiongezeka. Ubaya wake ni huu. Ukanda wa kuchanganyia ukiwa mwembamba, mstari unaonekana kila mwangaza wa picha mbili unapotofautiana. Ukiwa mpana, mstari unapotea, lakini vitu vidogo ambavyo havikulingana barabara vinatokea viwili viwili, kama unavyoona ukiwa na usingizi.

Jibu lililobadilisha kazi hii lilitolewa mwaka 1983 na Peter Burt na Edward Adelson, waliokuwa watafiti wa kampuni ya RCA. Walisema tusichague ukanda mmoja. Picha ichambuliwe katika tabaka, kuanzia mambo makubwa yanayobadilika polepole, kama mbingu na giza la kivuli, hadi mambo madogo kama majani na matofali. Tabaka la mambo makubwa lichanganywe katika ukanda mpana, la mambo madogo katika ukanda mwembamba, kisha tabaka zote zijumlishwe tena. Kuonyesha nguvu ya njia hiyo waliunganisha nusu ya tufaha na nusu ya chungwa, likawa tunda moja ambalo huoni lilipokatwa. Tunda hilo halijapata kuota juu ya mti wowote. Tulilitazama tukacheka, na hatukujua kwamba litatuhusu.

Mwaka 1998 Helmut Dersch, mwalimu wa chuo huko Furtwangen, Ujerumani, alitoa Panorama Tools, mkusanyo wa programu za kupinda na kupanga picha ili zilingane. Juu ya msingi huo Pablo d'Angelo na wenzake walijenga Hugin, programu huria ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia bure. Kuzipanga picha ni kazi moja na kuziyeyusha ziwe kitu kimoja ni kazi nyingine, na kazi hii ya pili ilipata programu zake. Enblend ya Andrew Mihal ilichukua njia ya tabaka ya Burt na Adelson: kwanza inaweka mpaka katikati ya eneo la kupishana, kisha inayeyusha tabaka kuuzunguka mpaka huo, na inaongeza picha moja baada ya nyingine. Baadaye Multiblend ya David Horman ilifanya kazi ya namna hiyo kwa kuzishika picha zote kwa pamoja, ikaokoa muda mwingi. Matthew Brown na David Lowe wa chuo kikuu cha British Columbia, Kanada, walionyesha mwaka 2003 kwamba kompyuta inaweza hata kutambua yenyewe ni picha zipi kati ya rundo zinazoungana. Programu yao inaitwa Autostitch.

Lilibaki tatizo la vitu vinavyotembea. Tabaka zinaweza kupatanisha mwangaza, lakini haziwezi kupatanisha mtu aliyekuwepo katika picha moja na ambaye hayupo katika nyingine. Mwaka 1998 James Davis alipendekeza mpaka usipite katikati kwa mstari ulionyooka, bali utafute njia yake pale picha mbili zinapofanana zaidi, kama mtu anayevuka mtaa uliojaa maji kwa kukanyaga pakavu. Smartblend ya Michael Norel ilifuata wazo la kuvikwepa vitu vya namna hiyo, na Enblend nayo katika matoleo ya baadaye ikajifunza kuupinda mpaka. Mwaka 2004 Aseem Agarwala na wenzake walitoa njia nyingine: mtumiaji mwenyewe anachora mstari juu ya kile anachotaka kibaki, kwa mfano uso wa kila mtu pale alipofumbua macho, na kompyuta inatafuta mshono unaoheshimu uchaguzi huo.

Sasa turudi kwenye bahasha. Katika picha ya pili ya babu, karibu na ukingo wa kulia, yupo mwanamke mwenye buibui aliyembeba mtoto, anaelekea kushoto. Mahali aliposimama panaonekana pia katika picha ya tatu, lakini hapo hayupo, kwa kuwa wakati babu akigeuza kamera yeye alikuwa ameshapita. Mwanamke huyo ni bibi wa mwenzetu. Mtoto ni mama yake.

Tulijaribu programu tatu, kila moja yenye njia yake. Hatuzitaji hapa, kwa sababu kosa halikuwa lao. Kila moja ilifanya kile ilichoagizwa. Ya kwanza ilichukua wastani. Bibi akawa kivuli, na nguzo za Beit al-Ajaib zikaonekana kupitia mwilini mwake. Isitoshe, picha ya tatu ilikuwa imekaa miaka mingi juani ndani ya fremu na imefifia, kwa hiyo ukanda wa kijivu ulibaki ukutani mwa jengo. Ya pili ilitumia tabaka na mpaka wa katikati. Tofauti ya mwangaza ikaondoka kabisa, tukapiga makofi, kisha tukaona kwamba mpaka umempitia bibi. Upande wa kushoto wa buibui ulikuwepo, upande wa kulia ulikuwa ukuta mtupu, na mtoto alikuwa na mkono mmoja. Tukalikumbuka tufaha la Burt na Adelson. Ya tatu ilitafuta njia ambayo picha mbili zinafanana. Ikaona kwamba palipo na bibi hazifanani, ikamzunguka, ikachukua sehemu hiyo yote kutoka picha ya tatu. Matokeo yalikuwa safi. Hapakuwa na kivuli, hapakuwa na ukanda, hapakuwa na mtu.

Tunakiri kwamba hiyo ya tatu ndiyo tuliyoichagua. Ilikuwa nzuri kuliko zote, na siku ya maonyesho ilikuwa karibu. Tuliituma kwa simu Unguja ili bibi aione, kisha tukampigia.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Picha nimeiona, nzuri sana. Sasa mimi mmenipeleka wapi?"

Mwenzetu alijaribu kumweleza habari za mpaka na pikseli. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Babu yako alinambia nisimame. Nikamwambia mtoto ana homa, sisimami juani. Nikaenda zangu. Ndiyo maana nimetoka mara moja. Basi hata hiyo mara moja mmeniondoa?"

Hatukuwa na la kujibu. Ile picha safi ilikuwa imefuta kitu ambacho hakuna kitabu kitakachokiandika: kwamba siku hiyo mtoto alikuwa na homa na mama yake alikataa kumsubiri mpiga picha. Na majengo nayo hayadumu kama tunavyodhani. Sehemu ya Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka Desemba 25, 2020. Picha za zamani ni miongoni mwa mambo yatakayotusaidia kujua ilivyokuwa, na mtu atakayezitazama kwa nia hiyo ana haki ya kujua ni wapi anatazama ukuta wa saa ile na wapi anatazama ukuta wa dakika moja baadaye.

Kwa hiyo tulianza upya. Tulitumia njia ya tabaka kwa ajili ya mwangaza, lakini mpaka tuliuchora wenyewe kwa mkono, upite kulia kwa bibi pasipo kumgusa. Haukupita pazuri. Ukikaribia utaona kipande cha ukingo wa baraza kimevunjika kidogo, kwa sababu mpaka ulilazimika kupita mahali ambapo picha mbili hazilingani. Tuliuacha hivyo. Chini ya picha pana tulizipanga zile nne za asili, kila moja na ukingo wake, kama walivyofanya Fontayne na Porter, na pembeni tukaweka maelezo mafupi yanayosema picha kubwa imeungwa na nani, kwa njia gani, na mshono uko wapi.

Mhadhiri mmoja alituuliza siku ile ni programu ipi iliyo bora kwa wanaotaka kuunga picha za familia zao. Kwa mwangaza uliotofautiana, tunashauri njia ya tabaka. Kwa mandhari isiyo na mtu, mpaka unaojitafutia njia unatosha, na unaokoa muda. Pakiwa na watu, chora mpaka mwenyewe, na kabla ya kuuchora ziulize picha zako ni nani aliyepo katika moja na hayupo katika nyingine. Nakala za asili zihifadhi kama zilivyo, bila kuzigusa.

Bibi ametumiwa nakala ya picha mpya. Amesema ukingo wa baraza haukuwa umevunjika.