Walimu wa Kando ya Ziwa na Ahadi Walizopewa

Haupiti mkutano wa chama chetu hapa Kisumu bila mzazi mmoja kusimama na kuuliza: walimu wa siku hizi wamepatwa na nini? Wale wa zamani, asema, walifika shuleni kabla ya jua kupanda na wakabaki mpaka jioni. Wa leo wana haraka ya kuondoka, na nusu ya mawazo yao iko kwenye biashara. Swali hili tumelisikia mara nyingi hata tumeona yafaa tulijibu katika kijitabu cha mwaka huu. Twataka kulijibu kwa njia ya historia, kwa kuwa wanaoliuliza huiita historia iwe shahidi wao. Na shahidi huyo, akiulizwa kwa makini, hasemi kama walivyotumaini.

Na tuanzie Maseno, ambako Misheni ya CMS ilifungua shule katika mwaka wa 1906. Kijana aliyetoka katika shule ile na kuwa mwalimu alipata mshahara mdogo, lakini alipata kitu kingine ambacho fedha haikununua. Yeye ndiye aliyejua kusoma barua ya Serikali na kuijibu. Wazee walimwita barazani, akina mama walimletea barua za wana wao walioko Nairobi na Mombasa awasomee. Kazi yake haikuishia darasani, na heshima yake pia haikuishia hapo.

Je, mtu huyo aliridhika? Tarehe 23 Desemba, 1921, mkutano mkubwa ulifanyika Lundha katika nchi ya Gem, na humo kikazaliwa Chama cha Vijana wa Kavirondo, ambacho watu walikiita Piny Owacho, yaani nchi imenena. Viongozi wake, Jonathan Okwiri, Benjamin Owuor na Simeon Nyende, walikuwa wasomi wa misheni, na Okwiri mwenyewe alikuwa mwalimu. Walilalamikia kodi, walilalamikia kipande, na walihofia ardhi yao baada ya nchi kufanywa Koloni katika mwaka wa 1920. Watu walioridhika hawaitishi mkutano wa namna hiyo. Lakini twaomba msomaji aangalie jambo moja: hawakusimama kudai mshahara wa walimu, bali walisema kwa niaba ya wote. Mwaka wa 1923 Archdeacon Owen alikichukua chama hicho mkononi, kikawa Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi, na nguvu zake nyingi zikaelekezwa katika kuchimba vyoo, kupanda miti na kuua panya. Vyama vya ustawi kama hiki chetu vyaweza kuona babu yao hapo. Na babu huyo alizaliwa katika uchungu wa watu wa shule.

Wazazi wetu husema pia kwamba mwalimu wa leo aufanya ualimu kuwa ngazi ya kupandia mahali pengine. Ni kweli, lakini ngazi hiyo si mpya. Beneah Ohanga, aliyepata kuwa mwalimu, aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka wa 1947, na mwaka wa 1954 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa waziri katika Kenya. Jaramogi Oginga Odinga alifundisha Maseno na akasimamia shule ya mifugo iliyokuwa hapo. Kisha akaiacha chaki, na katika mwaka wa 1947 akaanzisha shirika la biashara la Waluo lenye makao yake hapa Kisumu. Uchaguzi wa Machi 1957 ulipowatoa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa kwa kura, angalau watano kati yao walikuwa wamepata kushika chaki: Odinga, Moi, Ngala, Mate, na Masinde Muliro aliyefundisha katika chuo cha walimu cha Siriba, jirani na Maseno. Hatukuwalaumu kwa kuondoka. Jina la mmoja wao tumelipa barabara kuu ya mji huu.

Hapa kuna watu ambao hututajia jina la Carey Francis. Mwingereza huyo, mtaalamu wa hesabu kutoka Cambridge, alikuwa mkuu wa Maseno tangu mwaka wa 1928 hata mwaka wa 1940, kisha akaongoza Alliance hata mwaka wa 1962. Alipostaafu hakurudi kwao. Alikwenda Pumwani, katika mitaa ya watu wa hali ya chini ya Nairobi, akafundisha kama mwalimu wa kawaida mpaka alipokufa mwaka wa 1966. Hatuna neno juu ya mfano huo ila kuustahi. Lakini wanaouleta mbele yetu husahau kwamba Carey Francis hakuoa, hakuwa na watoto wa kulipia karo, wala wadogo zake hawakumngoja kituo cha basi mwisho wa mwezi. Mwalimu wa Seme au wa Uyoma ambaye mshahara wake wagawanywa kabla haujafika hawezi kupimwa kwa kipimo hicho. Neno wito ni neno zuri, ila tumeliona mara nyingi likitumiwa na wale wasiotaka kulipa.

Zaidi ya mshahara, mwalimu wa zamani aliumizwa na jambo ambalo wazazi wengi hawakuliona: hakujua hasa bwana wake ni nani. Mmoja aliajiriwa na misheni, wa pili na bodi ya elimu ya wilaya, wa tatu na halmashauri. Wawili wenye cheti kimoja wangeweza kufanya kazi chini ya masharti mbalimbali, na mwalimu wa misheni angeweza kuipoteza kazi kwa kuoa mke wa pili, hata kama watoto wake wote walifaulu mtihani. Ndiyo sababu walimu walipokutana Nairobi tarehe 4 Desemba, 1957, na kuunda chama chao cha taifa, KNUT, dai lao kuu halikuwa shilingi peke yake. Walitaka mwajiri mmoja kwa walimu wote na kanuni moja. Walilidai kwa maneno, na walipoona maneno hayatoshi wakalidai kwa migomo katika miaka ya 1960. Mwaka wa 1967 Tume ya Kuajiri Walimu ikaanza kazi. Walimu wazee wa huku walikuwa wakiusimulia mwaka huo kama wengine wanavyousimulia mwaka wa Uhuru.

Kumbe wakati huo huo sisi wenyewe, wananchi, tulikuwa tukiwazaa walimu wengine wasio na mwajiri. Kenya ilipopata Uhuru katika mwaka wa 1963 ilikuwa na shule za sekondari 151 tu. Watoto waliomaliza shule za msingi walikuwa wengi, nasi hatukungoja Serikali. Tulichanga kuku, mbuzi na shilingi, tukajenga shule za harambee kutoka Nyakach mpaka Bondo, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 shule za sekondari nchini zilikuwa zimekaribia elfu moja au kupita, nyingi kati ya hizo zikiwa za harambee. Tulijivunia, na tulikuwa na haki ya kujivunia. Lakini nani alifundisha humo? Mara nyingi ni kijana aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, asiye na mafunzo, anayelipwa kutoka karo za wazazi. Bei ya pamba ikianguka, karo haikuja. Karo isipokuja, mwalimu aliambiwa avumilie. Kisha katika miaka ya 1980 ikaja neema ya sangara, ambaye huku kwetu huitwa mbuta. Viwanda vya kukata minofu vikafunguliwa Kisumu, na mvulana aliyeacha shule akaweza kumpita mwalimu wake kwa fedha kwa usiku mmoja wa kutupa nyavu. Twakumbuka mwalimu mmoja aliyesema kwamba jambo lililomuuma si kuwa mwanafunzi wake alikuwa na fedha, bali kuwa alimpa soda dukani mbele ya watu, naye akainywa.

Tufike sasa kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu limewavunja moyo walimu kupita umaskini wowote. Mwezi wa Oktoba, 1997, walimu waligoma nchi nzima, chini ya katibu wao mkuu Ambrose Adongo. Uchaguzi mkuu ulikuwa karibu. Serikali ikakubali nyongeza iliyofikia asilimia 200 kwa baadhi yao, ilipwe kwa awamu katika miaka mitano, na mapatano yakachapishwa kuwa Tangazo la Sheria namba 534 la mwaka huo. Awamu ya kwanza ililipwa. Uchaguzi ulipopita, Serikali ikasema haina fedha. Walimu wakagoma tena Oktoba 1998, wakarudi kazini mikono mitupu. Katika mwaka wa 2002 wakagoma tena kwa ajili ya mapatano yale yale, na serikali iliyofuata ndiyo iliyokubali kulipa kilichobaki kwa ratiba mpya. Mwaka ule wa 1998 walimu wa sekondari walikuwa wamepata chama chao wenyewe, KUPPET, maana wengi walihisi kwamba shida zao zapotea ndani ya umati.

Mwalimu aliyekuwa na mshahara mdogo mwaka wa 1996 alikuwa na mshahara mdogo tu. Mwaka wa 1999 alikuwa na mshahara mkubwa kidogo, pamoja na karatasi ya Serikali isiyoheshimiwa. Waulizeni waliokuwa darasani miaka hiyo ni wakati gani kati ya hizo mbili walianza kutazama saa.

Mwaka wa 1959 mtaalamu wa Marekani, Frederick Herzberg, pamoja na wenzake walitangaza utafiti waliofanya kwa wahandisi na wahasibu mia mbili hivi wa Pittsburgh. Walisema kwamba mambo yanayomridhisha mtu kazini, kama kufanikiwa na kutambuliwa, ni mbali na yale yanayomchukiza, kama mshahara na usimamizi mbaya. Ukiyaondoa ya pili hujaleta ya kwanza. Vyuo vyetu vya ualimu vimelifundisha jambo hilo kwa muda mrefu. Sisi twaliona kuwa kweli nusu. Huenda Pittsburgh mshahara na heshima vyakaa nyumba mbili, lakini kando ya Ziwa hili vyalala kitanda kimoja. Mwalimu asiyeweza kuweka mkono mfukoni kwenye matanga ya jirani hahesabiwi kuwa mtu mzima, hata kama darasa lake lote limepata alama ya juu.

Tangu mwaka wa 2008 Serikali imelipia masomo ya sekondari, ikianza na shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na watoto ambao zamani wangebaki nyumbani wameingia. Jambo hilo hatutalisema vibaya. Lakini madarasa yalijaa kabla walimu hawajaongezwa, na pengo likazibwa na walimu wa bodi, wanaolipwa kwa michango ya wazazi. Yule kijana wa harambee amerudi, safari hii akiwa na shahada mkononi. Wenzao walioajiriwa na Tume nao walipata mtikisiko wao mwaka wa 2018, wakuu wengi wa shule walipohamishwa nje ya kaunti zao za kuzaliwa. Mpango ule uliachwa baadaye, ila tuliona watu wenye miaka thelathini ya kazi wakifunga vyombo vyao kwa siku chache, na hakuna aliyewauliza neno. Mwajiri mmoja waliyemdai katika miaka ya 1960 walimpata. Walichosahau kukidai ni kwamba awe karibu.

Haitakuwa haki tuinyoshee Serikali kidole na kuficha mkono wetu. Miaka sita iliyopita chama chetu kilikwenda katika shule moja ya sekondari visiwani, mahali pa kufikiwa kwa mashua, na mbele ya wazazi wote tukaahidi nyumba ya mwalimu. Mwalimu wa fizikia aliyekuwapo, kijana mwenye mke na mtoto, alisimama akatushukuru, na kwa sababu ya ahadi hiyo akaiondoa barua yake ya kuomba uhamisho. Tulijenga mpaka usawa wa madirisha. Kisha ukaja mwaka wa msiba mwingi, na mwaka wa gharama nyingi, na hazina ikaelekezwa kwingine. Alingoja vipindi saba vya masomo katika chumba cha kupanga ufuoni, karibu na pale omena huanikwa, kisha akaandika barua ile upya. Hakutulaumu, alitukuta Mbita akatusalimu kwa adabu, jambo lililotuumiza zaidi. Shule ile haikupata mwalimu wa fizikia kwa mwaka mzima uliofuata.

Fedha za mabati na mbao zimetengwa katika makadirio ya mwaka ujao, kama mweka hazina anavyoonyesha katika ukurasa wa hesabu. Mpaka tunapoandika haya kuta zimesimama, na ndani yake mmeota mti wa mpapai.