Mabwawa ya Upemba: wavuvi, wanyama na mpaka wa mwaka 1939

Tunapofundisha historia ya Waluba, tunaanzaka karibu kila mara na wafalme: Nkongolo, Mbidi Kiluwe, Kalala Ilunga. Wanafunzi wanaandika majina, wanayashika kwa kichwa, na kiisha mtihani yanapotea. Lakini mbele ya wafalme kulikuwa mayi. Mutu mwenye hajaona bado mabwawa ya Upemba hawezi kuelewa vizuri namna gani ufalme mukubwa vile ulipata nguvu mule katikati ya Katanga, wala juu ya nini leo wavuvi na walinzi wa parke hawapatani. Kwa hiyo sisi, waalimu wachache wa historia na wa biolojia, tulienda kuona kwa macho.

Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na ni pale ndipo mashua zinaanza kusafiri juu ya Lualaba, zaidi ya kilometa 600 mpaka Kongolo. Kabla ya Bukama mto ni mukali, unapita katikati ya mawe ya Nzilo. Kiisha Bukama unachoka. Bonde ni tambarare kabisa, mayi haijui tena pa kwenda, inamwagika kuume na kushoto na kufanya maziwa: Upemba, Kisale, Kabwe, Kabamba na mengine madogo mengi. Ziwa Upemba ndilo kubwa kupita yote, karibu kilometa za mraba 530, lakini halina kina: muvuvi anasukuma mtumbwi wake kwa mti murefu na mti unafika chini.

Pembeni ya ziwa hakuna ufuko wa muchanga. Kuna mafunjo na matete, na mizizi yao imeshikamana sana hata inafanya udongo wenye kuelea. Upepo ukivuma, kipande kinakatika na kutembea na ndege wake juu. Muingereza Cameron, mwenye alipita katika inchi ya Waluba mwaka 1874 na 1875, hakuruhusiwa kufika Kisale, lakini walimuelezea watu wenye walijenga nyumba juu ya visiwa vya namna ile na kupanda chakula humo. Wazungu wengine wangeweza kucheka. Sisi tuliona nyumba za wavuvi juu ya mafunjo, na moto wa kukausha samaki unawaka kwa utaratibu juu ya udongo wenye kutikisika chini ya miguu.

Tulitoka asubuhi na mapema kule Mabwe, kwenye kituo cha walinzi. Ndege ni wengi mpaka mutu anaacha kuhesabu: mwari, bata wa pori, korongo wa kila namna, yangeyange weupe kama nguo iliyoanikwa. Muvuvi mwenye alituongoza, muzee wa miaka kupita sitini, alijua kila mmoja kwa Kiluba. Alituambia tunyamaze kwenye kona moja, na pale, katikati ya matete, alisimama ule ndege mukubwa wa rangi ya majivu mwenye mdomo kama kiatu. Hakutikisika. Mwalimu wa biolojia alisahau kufungua kamera yake. Viboko tulisikia tu, mbali. Muzee alisema wakati wa ujana wake mutu hangepita kona ile bila kwanza kupiga mti juu ya mtumbwi ili watoke njiani.

Sasa turudi kwenye historia. Kando ya ziwa Kisale, pahali panaitwa Sanga, Jacques Nenquin alichimba mwaka 1957, na kiisha yeye wakaja wengine, zaidi sana Pierre de Maret katika miaka ya 1970. Walipata makaburi. Watu walizikwa pamoja na vyungu vizuri sana, bangili za shaba, silaha za chuma, na vyombo vya kazi yao: ndoana na vyusa vya kuvulia. Makaburi ya wakati wenye wanaita Kisali yanaanza katika karne ya 8 na kufika mpaka ya 13. Shaba haipatikane mule bondeni. Ilitoka mbali, upande wa kusini. Kuna hata kauri za bahari ya Hindi, kidogo tu, lakini ziko. Basi walizilipa na nini? Wachunguzi wengi wanafikiri ni samaki mukavu. Samaki mukavu anabebeka, haozi upesi, na watu wa mbali wanamuhitaji. Kuna watu wenye wanapenda kusema ufalme unatoka kwa mkuki. Sisi tunaona moshi wa kukausha samaki ulifanya kazi kubwa zaidi.

Hivi, mwaka 1939, wakati serikali ya Wabeleji ilitangaza parke ya Upemba, sehemu ya bonde ile iliingizwa ndani ya mpaka kama vile ingekuwa pori tu. Parke ilipunguzwa baadaye, na leo inahesabiwa karibu kilometa za mraba 11.730. Hatusemi ilikuwa vibaya kuchunga wanyama. Kati ya 1946 na 1949 wachunguzi wa de Witte walikusanya humo viumbe vya kila aina, na vitabu vyao vinasomwa mpaka leo. Lakini mutu mwenye babu zake wamezikwa na ndoana mkononi, ukimuambia kuvua pale ni kuiba, atakujibu nini?

Muzee wetu alijibu hivi: « Beye balikuja na karatasi. Shiye tulikuwa na bavidye. » Bavidye, kwa Waluba, ni roho zenye kukaa katika mayi, milima na miti, na kuziheshimu ilikuwa pia kuheshimu pahali zinakaa. Tulimuuliza kama vijana bado wanaziogopa. Alitazama mtumbwi moja wenye ulipita karibu yetu, ndani yake chandalua za mbu zenye zimeshonwa pamoja kuwa nyavu, na samaki wadogo kama kidole. Hakujibu.

Maana upande wa wavuvi pia mambo si safi. Kiisha vita, watu wengi walikimbilia ziwani juu ya kutafuta chakula, na bunduki zilibakia katika mikono. Mwaka 2004 Mai-Mai walishambulia Lusinga, makao ya parke, na watu wakauawa. Wakati serikali iko mbali na mlinzi anakosa mshahara, nyama yote ni ya mwenye kupiga wa kwanza.

Kuna nyama mmoja wa kutuuma moyo zaidi. Ni swala wa mabwawani, mwenye kukaa pahali majani yanakutana na mayi, na haishi popote pengine duniani. Ngozi na mafuvu yake vililala miaka mingi katika majumba ya ukumbusho, wakimuhesabu pamoja na ndugu zake wa Zambia, mpaka mwaka 2005 Cotterill alipoonyesha kwamba ni wa aina ya peke yake. Katika miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa zaidi ya 20.000. Uchunguzi wa kutoka juu kwa ndege, wenye matokeo yake yalitangazwa mwaka 2025, uliona kumi tu. Wote pamoja wanafikiriwa kuwa chini ya mia moja. Sisi hatukumuona. Muzee alituonyesha kwa mti wake upande wenye alikuwa anaonekanaka makundi, akasema zamani walikuwa wanaruka mayi mingi kwa mara moja, inasikilika kama mvua.

Tulimuuliza kama wajukuu wake wanajua jina la ule nyama. Alicheka kidogo: « Banajua jina. Banafikiri ni ya hadisi. »

Mwenye atapenda kwenda aombe ruhusa ya ICCN mbele ya safari, na achague kiangazi, kati ya mwezi wa sita na wa tisa, wakati mayi inarudi nyuma na majani mafupi yanaota pembeni. Kama wale kumi bado wako, ni kwenye majani yale watatokea.