Malaika Mlinzi na Dawa ya Vita

Kila mwaka, tarehe 2 Oktoba, Kanisa linawakumbuka Malaika Walinzi. Katika parokia zetu siku hiyo hupita kwa utulivu: misa ya asubuhi, sala fupi ambayo wengi wetu tulifundishwa na mama zetu kabla hatujajua kusoma, kisha kila mmoja huenda shuleni au kazini. Lakini kwa kijana wa Ituri imani hii si jambo jepesi. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, waamini waliokuwa wakikesha katika sala kwenye parokia ya Mwenye Heri Anuarite huko Komanda, kusini-magharibi mwa Bunia, walishambuliwa na waasi wa ADF. Watu zaidi ya 40 waliuawa, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Hapo swali huja lenyewe: malaika wao walikuwa wapi?

Ndugu vijana, anayeuliza hivyo hakufuru. Hata hivyo, swali hilo haliwezi kujibiwa vema kabla ya kujiuliza jingine: tunapoomba ulinzi, tunaomba ulinzi wa namna gani? Historia ya nchi yetu na ya majirani zetu imeonja ulinzi wa namna mbili, na matunda yake yanajulikana.

Risasi zitakazogeuka maji

Mwaka 1905, kusini mwa Tanganyika, Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe aliwagawia watu maji ya dawa, nao wakaamini kwamba risasi za Wadachi zingegeuka maji. Malalamiko yao yalikuwa ya haki, kwa maana walilazimishwa kulima pamba na kupigwa viboko. Lakini risasi hazikugeuka maji. Vita vya Maji Maji vilikwisha mwaka 1907, na njaa iliyoletwa na vita hivyo iliua watu wengi kuliko bunduki zenyewe.

Mwaka 1964 ahadi ile ile ilisikika katika Kongo yetu. Wapiganaji wa Simba walichanjwa na kunyunyiziwa maji, kisha wakaenda vitani wakipiga kelele "Mai Mulele!" Dawa hiyo ilikuwa na masharti mengi: usiguse mwanamke, usitazame nyuma, usipeane mkono na mtu asiyechanjwa. Mpiganaji alipoanguka, wenzake walisema kwamba alivunja sharti. Kwa hiyo dawa haikushindwa hata siku moja. Aliyekufa ndiye aliyebebeshwa lawama ya kifo chake.

Wala jambo hili halikuishia kwa babu zetu. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji cha Bogoro, kusini mwa Bunia, kilishambuliwa, na raia wengi wakauawa, wakiwamo wanawake na watoto. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipotoa hukumu juu ya shambulio hilo mwaka 2014, ilikuwa imesikia mashahidi wakieleza habari za waganga na dawa za kuwakinga wapiganaji. Na hata leo, katika vilima vyetu, kijana anayeitwa kujiunga na kundi lenye silaha huahidiwa bunduki na kinga kwa pamoja.

Tutazame vema kinga hiyo inamfanyia nini anayeipokea. Inamwambia kwamba yeye hataumia, lakini adui yake ataumia. Hofu ya kufa inapoondoka kwa njia hiyo, mara nyingi hofu ya kuua huondoka nayo. Hapa hatusemi juu ya majani na mizizi ambayo wazee wetu huponyesha tumbo na homa. Hiyo ni elimu ya kuheshimiwa. Tunasema juu ya dawa ambayo kazi yake ni kuuondolea mkono woga wa kumwaga damu.

Wawili wasiokingwa na risasi wala mjeledi

Kongo imelipa Kanisa mashahidi wanaotufundisha njia nyingine. Wa kwanza ni Mwenye Heri Isidore Bakanja, kijana wa Ekwateri aliyebatizwa mwaka 1906. Alivaa shingoni skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, yaani vipande viwili vidogo vya kitambaa. Alifanya kazi kwa Wazungu wa kampuni iliyofanya biashara ya mpira na pembe za ndovu. Msimamizi aliyechukia dini alimwamuru aivue. Isidore alikataa, akapigwa kwa mjeledi wa ngozi wenye misumari hadi mgongo wote ukawa kidonda. Baada ya miezi ya mateso alikufa tarehe 15 Agosti 1909, akiwa amemsamehe aliyemtesa na kuahidi kumwombea.

Fikirini jambo hilo. Kama skapulari ingekuwa hirizi, tungesema kwamba ilishindwa, kwa maana ndiyo iliyomletea mjeledi. Lakini Isidore hakuivaa ili asipigwe. Aliivaa ili ijulikane yeye ni wa nani. Walimwua, lakini hawakuweza kumgeuza awe mtu wa chuki.

Wa pili ni Anuarite Nengapeta, sista wa shirika la Jamaa Takatifu, mzaliwa wa Wamba, jirani zetu wa kaskazini-magharibi. Mwishoni mwa Novemba 1964 Wasimba waliwachukua masista wa Bafwabaka na kuwapeleka hadi Isiro. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, Anuarite alikataa kumtii mkubwa wa kijeshi aliyemtaka kwa nguvu, akauawa huku akimsamehe. Mfukoni mwake alikuwa na sanamu ndogo ya Bikira Maria. Yohane Paulo II alipomtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985, naye alitangaza msamaha kwa aliyemuua.

Basi usiku ule huko Isiro ulinzi wa namna mbili ulikutana uso kwa uso. Mmoja alikuwa na dawa na silaha. Mwingine alikuwa na sanamu ndogo na neno la msamaha. Aliyekuwa na dawa ndiye aliyebaki hai. Lakini ni yupi kati yao ambaye uovu ulishindwa kumshika?

Maandiko yasemavyo

Kumbukumbu ya Malaika Walinzi ilikubaliwa na Baba Mtakatifu Paulo V mwaka 1608, na Klementi X akaieneza kwa Kanisa lote mwaka 1670. Imani yenyewe ni ya kale zaidi. Katika sura ya 12 ya Matendo ya Mitume, malaika anamtoa Petro gerezani, na waamini wanapoambiwa kwamba Petro yuko mlangoni, wanadhani ni malaika wake. Lakini tusome sura hiyo tangu mwanzo: mistari michache kabla ya hapo, Yakobo ameuawa kwa upanga. Ni Kanisa lile lile, sala zile zile, mfalme yule yule. Luka hasemi kwamba Yakobo alivunja sharti fulani, wala hamlaumu kwa kufa kwake.

Tukumbuke pia ni nani aliyemnukulia Yesu ahadi ya malaika iliyo katika Zaburi ya 91. Ni Shetani, alipomtaka ajitupe toka juu ya hekalu. Kuwatumia malaika kama kinga ya kujaribia hatari ni tafsiri ya Mshawishi. Na katika bustani ya Mizeituni Yesu hakuyaita majeshi ya malaika. Alikuja mmoja, akamtia nguvu, na kikombe hakikuondolewa.

Kwa hiyo juu ya Komanda, na juu ya Nyakasanza, hapa hapa Bunia, ambako mnamo Mei 2003 mapadre wawili waliuawa pamoja na watu waliokimbilia parokiani, hatuwezi kusema kwamba malaika walilala, wala kwamba waliokufa walikosa imani. Anayesema hivyo anarudia maneno ya waganga wa 1964. Malaika hakutumwa kutuahidi miaka mingi duniani. Ametumwa atusindikize ili tusipotee, na mwili unapoanguka, asituache peke yetu.

Kuna neno moja tena, na kwa vijana wa Ituri huenda ndilo zito kuliko yote. Yesu alisema juu ya wadogo kwamba malaika wao huutazama daima uso wa Baba. Hakutaja kabila lao wala kilima chao. Mtoto wa upande wa pili wa mto, yule tuliyefundishwa kumwogopa, naye ana malaika wake mbele ya Mungu. Dawa ya vita humkinga mmoja dhidi ya mwingine. Malaika Mlinzi humshuhudia kila mmoja wetu kwamba jirani naye analindwa, na mkono unaoinuliwa juu yake unainuliwa mbele ya macho ya mbinguni. Hakuna awezaye kumwomba malaika wake amsaidie kuua.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Rozari, medali au skapulari ninayovaa: je, naivaa kama alama ya Yule ambaye mimi ni wake, au kama hirizi?

2. Rafiki yangu akiahidiwa "kinga" ili ajiunge na wenye silaha, nitamwambia nini, na ni nani katika parokia atanisaidia kumrudisha?

3. Jioni hii, kabla ya kulala, naweza kumwombea kwa jina mtu mmoja wa upande ule ninaouogopa, pamoja na malaika wake?