Hifadhi ni Save: Jambo OpenOffice na stationari ya Ziba

Mwaka 2013 nilipoteza barua ya baba kwenye stationari moja ya Ziba, wilayani Igunga. Ilikuwa barua ya kufuatilia mafao yake, kurasa tatu, nimeichapa mwenyewe jioni nzima. Flashi iliingia kwenye kompyuta ya pale ikiwa salama, ikatoka na virusi. Windows yenyewe ilikuwa ya kuchakachua, kama zilivyokuwa nyingi wakati ule. Mzee aliuliza swali moja tu: "Sasa barua imekwenda wapi?" Sikuwa na jibu.

Fundi mmoja wa simu na kompyuta, rika langu, ndiye aliyenionyesha njia nyingine. Aliniwekea Linux kwenye laptop yangu chakavu, akasema: "Hii huibi, kaka. Umepewa." Tangu siku hiyo mimi ni mmoja wao. Mchana naandika habari, usiku nikishatuma kazi kwa mhariri nakaa na programu huria: nasoma, najaribu, naharibu, natengeneza.

Neno "huria" lina historia yake. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, akitaka programu ambazo kila mtu ana haki ya kuzitumia, kuzichungulia ndani, kuzibadilisha na kumpa jirani. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, akatoa Linux. Hayo wengi tunayajua. Nilichochelewa kukijua ni kwamba watu wetu waliingia kwenye kazi hii mapema.

Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Mradi uliitwa Kilinux. Waliouendesha ni idara ya sayansi ya kompyuta ya chuo hicho pamoja na IT+46 ya Sweden. Hakuna aliyehitaji kumwomba mwenye mali ruhusa ya kuigusa programu, kwa sababu leseni yenyewe ilishairuhusu kazi hiyo.

Ukitaka kujua ugumu wake, jaribu mwenyewe. Menyu ina nafasi ya neno moja. "Save" utaiita nini: hifadhi, tunza au weka? Sisi hata chombo chenyewe hatujakubaliana. Wapo wa kompyuta, wapo wa tarakilishi, na wapo waliosimama na ngamizi. Mwenye kutafsiri programu hana muda wa kusubiri ubishi uishe. Kitufe kinadai jina leo.

Hapo ndipo nawakumbuka wapagazi. Kusini mwetu, Unyanyembe, ndiko ilikopita njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Burton na Speke walifika Kazeh, yaani Tabora, mwaka 1857 wakakuta mji wa biashara. Wanyamwezi walibeba pembe na vitambaa kwa ujira, mzigo wa mtu mmoja ukikaribia frasila mbili. Pamoja na mizigo, wakabeba Kiswahili. Kamati ya kusanifisha lugha ilikuja baadaye sana, mwaka 1930, na kufikia hapo Kiswahili kilikuwa kimeshafika bara kwa miguu.

Kilinux ilikuwa na wataalamu na maneno. Kwa maoni yangu, ilichokosa ni wapagazi. Stationari zetu zilipokea kompyuta zikiwa na Windows tayari. Sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo kijana anajifunza "copy" na "paste" kabla hajasikia nakili na bandika. Neno lililotungwa Mlimani lingefikaje Ziba, na nani angelibeba? Mradi una mwisho wake, lakini mtumiaji anakuja kila asubuhi.

Hata hivyo kazi ile haikutupwa, na hapa ndipo naipendea leseni huria. Mwaka 2010 sehemu ya jumuiya ya OpenOffice ilijitenga ikaanzisha LibreOffice, ikachukua msimbo na kuendelea nao. Kiswahili cha Tanzania kimo kwenye orodha ya lugha zake hadi sasa. Kina mapengo, tena mengi. Ukifungua menyu moja Kiswahili, ya ndani yake Kiingereza. Lakini pengo la programu huria linazibwa na yeyote mwenye bando na subira. Ingekuwa mali ya kampuni, kampuni ikishachoka, sisi tungebaki kulalamika tu.

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani. Yule fundi sasa ana stationari yake, kompyuta mbili, zote Linux, moja ameiwekea menyu za Kiswahili. Nilimkuta binti anachapa barua ya mama mmoja aliyekaa kwenye benchi na kitenge chake, akisubiri. Binti alisita, akageuka.

"Kaka, hifadhi ndiyo save?"

"Ndiyo hiyo."

Akabonyeza. Mama akauliza barua yake imeenda wapi. Binti akamwonyesha kwa kidole kwenye kioo: "Imehifadhiwa hapa, mama. Soma."

Mama akasogea, akasoma.