Gharama ya Kioo: Jinsi Picha Zilivyopata Kutundikwa Mjini Kampala

Wanaoandika historia ya sanaa ya Uganda aghalabu huanza na majina ya wachoraji na huishia na majina ya majumba ya maonyesho. Katika makala haya twakusudia kutazama kitu duni zaidi, nacho ni zile fito nne za mbao na kile kipande cha kioo vinavyoizunguka na kuifunika picha ukutani. Kwa maoni yetu, bei ya vitu hivi viwili imeamua mambo mengi katika sanaa ya Kampala, pamoja na lile la picha ipi ibaki na ipi iliwe na mchwa.

Kwanza neno lenyewe. "Fremu" tumelitwaa kutoka Kiingereza, na mjini Dar es Salaam limekwenda mbali hata likawa jina la chumba cha duka kinachopangishwa. Wapo walimu wanaopendelea "kiunzi". Hatugombani nao, ila hapa tutatumia fremu, kwa kuwa ndilo neno tutakaloelewana nalo na seremala. Mwanafunzi naye akumbuke kwamba katika Kiswahili cha zamani hata picha ya karatasi iliweza kuitwa "sanamu", neno ambalo siku hizi twaliwekea zaidi jiwe na mti uliochongwa.

Bibi Margaret Trowell, Mwingereza aliyesomea uchoraji katika shule ya Slade huko London, alifika Kampala mwaka 1935 pamoja na mumewe aliyekuwa daktari. Mwaka 1937 ndio unaohesabiwa kuwa mwanzo wa mafunzo aliyoyatoa kwenye baraza ya nyumba yake, na darasa lile la barazani ndilo lililokuja kuwa Shule ya Sanaa ya Makerere. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London, katika jumba la Imperial Institute. Kwa hiyo tangu mapema kazi ya Kampala ilitakiwa kusimama katika ukumbi wa Kizungu, na ukumbi wa Kizungu una desturi zake: picha ina mipaka iliyonyooka, ina fremu, na ikiwa ni ya karatasi ina kioo mbele yake.

Desturi hiyo si ya urembo mtupu. Karatasi haivumilii hewa ya nchi za Ziwa. Unyevu huipiga ukungu, na wadudu huila kuanzia pembeni. Kioo huzuia vumbi na mikono, lakini nacho kina hila yake: kikiigusa karatasi, jasho linalojitunga ndani wakati wa usiku huigandisha rangi kwenye kioo, na siku ya kuifungua picha hubanduka nusu yake. Ndiyo maana fundi ajuaye kazi hukata karatasi nene yenye dirisha katikati na kuiweka baina ya picha na kioo, ili hewa ipate nafasi. Nyuma huweka ubao, kisha huziba mapengo kwa karatasi ya gundi. Hesabu vitu hivyo vyote: mbao, kioo, karatasi nene, ubao wa nyuma, gundi, misumari, kulabu na ujira. Si ajabu fremu ikagharimu kuliko mchoro wa mwanafunzi uliomo ndani yake.

Katika hivyo vyote kioo ndicho kilichokuwa mzigo. Mbao Uganda inazo, tena nzuri. Mvule peke yake ungetosha kuheshimu picha yoyote. Lakini kioo kilishuka melini Mombasa, kikapandishwa katika reli ambayo ilifika Kampala mwaka 1931, kikasafiri zaidi ya kilomita 1,000, na kila kilichovunjika njiani kililipwa na mnunuzi wa kile kilichofika kizima.

Tena fundi wa fremu wa Kampala hakuishi kwa wachoraji. Wateja wake walikuwa, na wangali, watu wenye picha ya harusi, picha ya mahafali, cheti cha shule, picha ya Kabaka, ya Rais, au ya Watakatifu Mashahidi wa Uganda. Fremu katika sebule ya Kampala ni alama ya heshima. Hutiwa ndani yake kile ambacho nyumba inajivunia. Mchoraji kijana alipopeleka mandhari ya migomba aliingia katika foleni ya watu wasiohesabu gharama, kwa sababu harusi hufanywa mara moja. Yeye picha zake zilikuwa ishirini.

Tukitazama kazi za waliotoka Makerere twaona kwamba baadhi yao walikwenda njia ambazo hazikumhitaji muuza kioo. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame aliyefundisha Makerere na baadaye akaiwakilisha Tanganyika huko London, alichora kwa rangi za mafuta juu ya kitambaa. Rangi za mafuta zikikauka hazihitaji kioo. Picha yake ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, ilinunuliwa na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York mwaka 1960. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, aliiacha fremu kabisa: mwaka 1959 alikamilisha michoro mikubwa juu ya kuta za kanisa kuu la Murang'a nchini Kenya. Hatusemi kwamba Njau alichora ukutani kwa kukosa fedha za fremu, la hasha. Ila mchoro wa ukutani hufika mbele ya mkulima asiyeweza kununua picha wala kioo, na jambo hilo si dogo.

Kisha zikaja taabu za miaka ya 1970. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini, wakapewa siku 90. Biashara ya Kampala, ya jumla na ya rejareja, ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwao, na walipoondoka maduka yaligawiwa watu ambao wengi wao hawakujua mali hutoka wapi ikiisha. Bidhaa za kutoka ng'ambo ziliadimika, magendo yakatawala. Katika mji ambamo sukari na sabuni hutafutwa kwa kujuana, nani angeagiza kioo kwa ajili ya picha?

Hapa inafaa kutazama miji mingine, kwa maana shida hii haikuwa ya Kampala peke yake. Mjini Dar es Salaam, tangu mwaka 1968 hivi, Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi za kung'aa, za kupakia baiskeli, juu ya hadibodi, ule ubao mwembamba unaopigiliwa darini. Ubao mzima wa futi nne kwa nane hutoa vipande vinane vya futi mbili kwa mbili bila kubaki hata kipande. Ubao haukunjiki wala hauchaniki, rangi haiogopi maji, na mnunuzi huutundika kama ulivyo. Tingatinga aliuawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi, lakini ule mraba wake umedumu. Huko Lubumbashi na Kolwezi nako wachoraji walikata viroba vya unga, wakavipaka rangi ya msingi na kuvitandaza juu ya vijiti vinne. Mmoja wao, Tshibumba Kanda Matulu, alichora hivyo historia nzima ya nchi yake katika picha zipatazo mia moja, miaka ya 1973 na 1974, na maelezo yake kwa mtaalamu Johannes Fabian aliyatoa kwa Kiswahili cha huko Shaba. Twawasihi walimu wayatafute mazungumzo hayo. Ni Kiswahili ambacho vitabu vyetu vya shule havikijui.

Kampala ilikuwa na jibu lake mlangoni, nalo lilikuwa la zamani kuliko mji wenyewe. Ni nguo ya magome ambayo Waganda huiita olubugo. Gome la mti wa mutuba huvuliwa wakati wa mvua, kisha shina hufungwa majani ya migomba ili lipone na kuota gome jipya mwaka unaofuata. Gome hupigwa kwa nyundo za mti zenye mifuo, kuanzia ile ya mifuo mipana hadi ile ya mifuo myembamba, mpaka lipanuke mara kadhaa, ndipo huanikwa juani na kuwa jekundu kama udongo wa tanuri. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi hii kuwa miongoni mwa hazina za urithi wa binadamu.

Kwa mchoraji, nguo hii ina faida kubwa moja: kingo zake hazinyooki, wala hazidai kunyooshwa. Kiraka na mshono ni sehemu ya uzuri wake. Mchoro uliochorwa juu yake hushonewa upindo juu, hupitishiwa ufito, ukaning'inizwa kwa uzi, kama Wachina na Wajapani walivyoning'iniza michoro yao karne nyingi bila fremu wala kioo. Hunywa rangi sana, kwa hiyo hupakwa kwanza gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji. Sanaa Gateja, msanii wa Kampala, hushonea juu yake maelfu ya shanga zilizosokotwa kwa karatasi, na kazi za namna hiyo zilionyeshwa mwaka 2022 katika maonyesho makubwa ya Carnegie International huko Pittsburgh, Marekani.

Mwalimu anayetaka kuhifadhi kazi za darasa lake, na bado ziko kwenye karatasi, hana budi kuchagua. Picha ya sentimita 40 kwa 30, fremu yake ikiwa na upana wa sentimita 3, hula mti wa sentimita 164, wala si 140 kama wengi wanavyodhani, kwa sababu kila pembe inayokatwa mshazari hula upana wa mti mara mbili. Hesabu hiyo yafaa kumpelekea seremala wa Ndeeba kabla hajakutajia bei. Vinginevyo, vijiti viwili, kimoja juu na kimoja chini, vyatosha kwa muhula mmoja, mradi karatasi isiguse ukuta wenye unyevu.

Nguo ya magome nayo ina kikwazo chake, na kikwazo hicho hakitokani na bei. Nchini Buganda ndiyo inayofunikwa maiti, na ndiyo iliyotandazwa katika makaburi ya wafalme huko Kasubi hadi moto wa mwezi wa Machi 2010. Wamisionari waliihusisha na mambo ya mizimu. Kwa hiyo picha isiyo na fremu, iliyo nafuu na ya nyumbani, yaweza kukataliwa na mwenye sebule kwa neno moja tu: hii ni nguo ya msiba. Wachoraji wa leo wa Kampala wanajibizana na neno hilo kila wanapotundika kazi zao.